Mstaarabu Haketi

Jumatatu, 3 Machi

Aibu. Aibu tupu. Naandika nikiwa nimejifungia chumba changu cha kushonea, na naona hata cherehani inanitazama vibaya.

Karibu na adhuhuri alikuja Meneja wa benki kupimwa suti. Mteja mkubwa! Mteja ambaye fundi ukimpata unamshika kwa mikono miwili. Akaingia nyuma ya pazia, akavua suruali yake, akaitundika kwenye kiti. Mstaarabu akapenya chini ya pazia. Akatoka na suruali. Akashika barabara.

Mstaarabu ni mbwa wangu. Jina nilimpa akiwa mdogo, nikiamini kwamba jina huvuta tabia. Hili halijavuta kitu.

Nikamfukuza, tepu ikining'inia shingoni. Duka la vitabu, kinyozi, kituo cha mafuta, wote walitoka nje kutazama. Wengine wakaniita mimi, wengine wakamwita mbwa, na wote walicheka. Mwisho nikatumia dawa yangu ya siku zote: nikatoa kipande cha maini mfukoni. Huwa natembea na maini kwenye kifuko cha nailoni. Mstaarabu akatema suruali papo hapo, akala, akatikisa mkia. Mkono mtupu haulambwi! Hakuna fimbo, hakuna kelele, biashara imekwisha.

Nageuka, mke wangu huyu hapa. Anarudi kwa chakula cha mchana kutoka kliniki ya meno, anakofanya kazi mapokezi. Ameona kila kitu isipokuwa maini, maana niliyakinga kwa mgongo. Meneja naye bado alikuwa nyuma ya pazia, na pazia langu ni fupi.

Mke wangu huniita "mume wangu" siku njema na "Fundi" siku mbaya. Leo nimekuwa Fundi mpaka masikio yameuma. Kasema amechoka. Kasema ikifika Jumapili mchana mbwa huyu awe anajua kuketi, kubaki na kuja anapoitwa, yeye mwenyewe akiona kwa macho yake. La sivyo anampeleka shambani kwa kaka yake, anakofuga kuku.

Mstaarabu na kuku! Hatamaliza wiki, kaka mtu ana panga na hana subira. Na mimi nitashinda na nani humu ndani mchana kutwa? Cherehani haina mkia.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yangu ni Mwalimu wa Hesabu. Ana mbwa anaitwa Koplo. Koplo na Mstaarabu walizaliwa na mama mmoja, siku moja, chini ya ngazi moja. Tulikwenda kuwachukua pamoja, mimi na Mwalimu, kila mtu na kikapu chake. Wote wawili rangi ya kahawa, kimo kimoja, masikio yaleyale. Tofauti ni kwamba Mstaarabu ana baka jeupe kifuani. Na kwamba Koplo, lango likiachwa wazi, hukaa mpaka aambiwe toka.

Nimemchungulia leo kwenye upenyo wa uzio. Lango wazi, paka anapita nje, Koplo ametulia tuli. Roho iliniuma. Nikaona haya kumwonea mbwa wivu, lakini nilimwonea.

Mwalimu akanikuta palepale, jicho kwenye upenyo. Habari za suruali anazo, nani hana? Akajitolea kunisaidia jioni kwa jioni, bure, kwa sababu alidai bado hatujachelewa, samaki mkunje angali mbichi. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi nguo, mambo ya samaki siyajui. Akanitakia kila la heri. Ile sauti yake ya kumtakia la heri mwanafunzi asiyesoma!

Nimejaribu mwenyewe uani. Nikasema keti. Mstaarabu akatazama nyuma yake kuona ninasema na nani. Nikasema tena, kwa ukali. Akaingia ndani, akarudi na soksi ya mke wangu. Nikampa maini aiache. Basi, kwa leo yatosha.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Usiku kucha nimefikiri, asubuhi nikapata. Mbwa hahitaji kufundishwa. Anahitaji kuamrishwa kile ambacho tayari anakifanya.

Wakati wa kifungua kinywa nikasubiri. Mstaarabu akajinyoosha sakafuni. Nikasema kwa sauti ya ofisa, lala! Akawa amelala. Mke wangu akainua macho kutoka kwenye kikombe. Mbwa akaanza kukunja mguu wa nyuma. Nikawahi: jikune! Akajikuna. Nikanogewa. Piga miayo! Akapiga.

Mke wangu akaweka kikombe chini, akasema vizuri, sasa mwambie aketi. Nikamwambia amechoka. Akaniuliza amechoka na nini, kupiga miayo? Nikawa Fundi tena mpaka alipoondoka.

Jioni hali ikawa mbaya zaidi. Kafungua friji, akauliza mbona maini ni nusu ya yale aliyoagiza. Nikapata joto la masikio. Mdomo ukajisemea wenyewe kwamba yule wa bucha siku hizi anapunja mizani. Mke wangu hapendi dhuluma. Akavaa viatu, akaenda. Nilisikia baadaye kwamba alimsema mbele ya wateja wote, na yule mzee wa watu alipima upya, akaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, akaongeza kipande.

Kipande chenyewe nimekitia mfukoni. Sasa napita upande wa pili wa barabara nikifika bucha. Najionea haya, kweli, lakini ningesema nini?

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amefika. Mdogo wake mke wangu, ndiye bibi harusi wa Jumamosi ya wiki ijayo. Nampenda huyu binti, ananicheka lakini hanidharau. Mama yao alifariki yeye akiwa bado mdogo sana, na mke wangu ndiye aliyemlea. Gauni la harusi ni zawadi ya mke wangu. Kachagua lesi mwenyewe, akaizungukia maduka yote, akaipapasa kwa vidole kama anachagua nguo ya mtoto mchanga. Kunipa mimi niishone ilikuwa imani kubwa. Angeweza kumpa fundi mwingine.

Na limetoka! Nasema bila kujisifu. Kiuno kimekaa, mikono imekaa, mkia wa gauni unaburuta nyuma kwa madaha. Shemeji alilivaa mbele ya kioo, akajigeuza mara mbili, mara tatu. Mke wangu akageukia dirishani akajidai anatazama mvua, na mvua haikuwepo.

Ananiomba jambo moja tu. Mstaarabu asiingie chumba cha kushonea mpaka gauni litoke. Nikaapa, mkono kifuani.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Mwalimu kaja kuniomba hisani. Jumapili anakwenda kumtazama dada yake, atarudi jioni. Je, naweza kumwekea Koplo maji? Akanipa ufunguo wa lango lake kwenye kiganja, akasema anajua nitamtunza.

Nilisimama na ule ufunguo muda mrefu. Akili ikaenda kwenye kifua cha Koplo, kisicho na baka. Halafu ikaenda kwenye kisanduku changu cha chaki.

Chaki ya fundi, nyeupe, mpya. Nimeikwangua kwa kisu, nikaijaribu kwenye kitambaa cha sufi rangi ya kahawa. Imeshika vizuri ajabu.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kauliza mafunzo yanaendeleaje. Nikamwambia nyota njema huonekana asubuhi, asubiri kesho. Akatabasamu kidogo. Hajatabasamu tangu Jumatatu. Nilitaka kufurahi, lakini nikakumbuka chaki.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Kalamu nzito.

Asubuhi mke wangu na shemeji walikwenda kuchagua viatu. Nikamchukua Koplo. Akaketi bila kuambiwa, nikampaka baka kifuani, naye ametulia kama mtu anayenyolewa ndevu. Alinitazama usoni muda wote. Mstaarabu ilibidi nimfiche mahali asikosikika. Palikuwa na mahali pamoja tu, chumba cha kushonea, kwenye kona ya nyuma. Ndiyo, niliapa. Lakini gauni nililipandisha kwenye msumari wa juu kabisa, nikafunga mlango. Meza ya kukatia iko chini ya ule msumari. Hilo nililijua. Sikulifikiria.

Mchana wakakaa uani, mke wangu kwenye benchi, shemeji pembeni na kikombe chake cha chai. Nikasimama katikati, kifua mbele.

Keti! Koplo akaketi. Shemeji akapiga makofi. Baki! Nikatembea mpaka langoni, nikajifanya natazama barabara, nikarudi polepole. Hakutikisa hata sikio. Nikaenda mbali tena. Njoo! Akaja, akasimama miguuni pangu.

Mke wangu akainuka. Akaniita mume wangu, mbele ya mdogo wake. Kisha akasema samahani. Yeye! Kasema wiki nzima alikuwa na hakika kwamba nitatafuta ujanja kama kawaida yangu, na kwamba amenikosea kuniwazia hivyo.

Hapo ndipo ningesema. Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa, nilichotakiwa ni kuupita. Nilifungua mdomo. Nikasema asante.

Akapiga magoti kumsifu mbwa. Akamsugua kifua. Akainua mkono. Mkono ulikuwa mweupe.

Aliutazama ule mkono. Alimtazama mbwa, aliyekuwa sasa na kifua cha kahawa na michirizi miwili. Kabla hajasema neno, dirisha la chumba cha kushonea likafanya kishindo, na Mstaarabu akatua uani na gauni mdomoni.

Alilivuta lote. Mkia wa gauni ulinasa kwenye komeo la dirisha, ukachanika kwa sauti ambayo kila fundi huijua na huiogopa. Yeye hakujali. Hakukimbilia barabarani, safari hii hapana. Alinijia moja kwa moja, akaliweka gauni juu ya viatu vyangu. Halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaketi. Akaketi vizuri, mgongo umenyooka, macho yamekazia mfuko wangu.

Mfuko wa maini.

Mkono wangu, laana kubwa, ulikuwa tayari umeshaingia humo. Kwa mazoea tu! Mke wangu aliuona unatoka na kifuko cha nailoni. Akaniangalia, akaangalia maini, akaangalia mbwa anayesubiri malipo yake.

Akasema taratibu, "Kumbe huyu amefundishwa. Amefundishwa vizuri sana. Na mwalimu wake ni wewe."

Halafu nikaona anakumbuka bucha. Akaziba mdomo kwa ule mkono wa chaki. Alimsema mzee wa watu mbele za watu kwa ajili yangu.

Shemeji hakulia wala hakupiga kelele. Aliinama akaliokota gauni pole pole, kama unavyomwokota mtoto aliyeanguka, akaanza kulipangusa vumbi. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Ardhi nayo ina wateja wengine.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshona tangu kulipopambazuka. Mke wangu kaomba ruhusa kazini. Alikaa ng'ambo ya meza, akafumua lesi iliyochanika, uzi kwa uzi. Mkia umekatwa, na lesi nzima iliyosalia nimeigeuza marinda kwenye mikono. Kwa kweli kazi ni nzuri. Sikuthubutu kuisifu.

Mstaarabu alilala mlangoni. Hajapelekwa kwa kuku. Mke wangu kasema maneno manne tu asubuhi yote, mbwa huyu hana kosa. Nilingoja amalizie nani ana kosa. Hakumalizia.

Nilikwenda bucha mwenyewe, nikasema ukweli. Yule mzee aliendelea kunoa kisu. Akasema mke wangu alishapita mapema kuomba radhi. Nikaondoka, nikagonga ubao wa mlango kwa paji la uso.

Kisha Mwalimu. Alinipokea langoni akiwa na Koplo na taulo lililojaa weupe. Kauliza kama mbwa wake alishinda kwenye ghala la unga. Nikamweleza yote nikiangalia viatu vyangu. Nilitegemea matusi. Aliniuliza Mstaarabu akiiba soksi anapata kipande kikubwa kiasi gani. Kidogo, nikasema. Na suruali? Kikubwa zaidi. Na gauni? Nikajidai namkuna Koplo sikio. Akasema hesabu ya mbwa iko sahihi kabisa, aliyekosea kanuni ni mwingine. Hajaiba hata siku moja, alikuwa anafanya biashara, na mimi ndiye niliyempandishia bei. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kasema, na safari hii sikuwa na utani wa kumjibu.

Machozi yalinilenga. Miaka yote hii nimesema sina muda wa kumfundisha mbwa, kumbe nimemfundisha kila siku.

Mke wangu alikuja uzioni wakati huo. Akamwambia Mwalimu anataka masomo, kuanzia leo jioni. Mwalimu akasema kwa mbwa mmoja haitachukua muda. Mke wangu akasema hapana, anataka masomo ya wawili. Nadhani alimaanisha yeye na Mstaarabu.

Jumamosi, 15 Machi

Harusi imepita salama! Shemeji aling'aa. Shangazi wa bwana harusi akataka kujua nani kabuni marinda ya mikono, ni mtindo wa wapi. Nikamwambia fundi hodari hafichui siri zake. Mke wangu alikuwa karibu, akanikanyaga mguu, lakini si kwa nguvu zote.

Na Mstaarabu! Wageni wakipita, nguo zinaburuta kila upande, mitandio, tai, kofia, yeye ameketi pembeni ya lango alipoambiwa na mke wangu. Mke wangu anampitia mara kwa mara, anamwambia vizuri, anampa punje ya karanga. Hakuna maini. Hakuna nguo iliyoguswa. Wakati gari la maharusi linaondoka nilimtazama mbwa wangu nikaona fahari na aibu vimekaa pamoja kifuani, vinasukumana.

Meneja wa benki alikuwepo. Akaniuliza, huyu si yule? Nikamwambia ndiye. Akauliza nimefanyaje. Nikasema ni subira tu, na moyo wa upendo. Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Alipaliwa na soda.

Ijumaa, 28 Machi

Nyumba imetulia. Mke wangu amebadilika, sijui kitu gani kimempata. Hagombi. Haniiti Fundi. Maneno yake yamekuwa machache na matamu. Kikombe, anasema, nami napeleka kikombe kwenye sinki. Vizuri! anasema, na kunipa karanga kutoka mfuko wa aproni yake. Karanga za kukaanga, zenye chumvi. Nazipenda.

Juzi nilimwambia ukweli kwamba nimeunguza shati la mteja kwa pasi. Nilijiandaa kwa kelele. Akanipa konzi nzima ya karanga! Jana nikamdanganya kidogo kuhusu mahali nilipokuwa mchana. Hakunigombeza. Alinigeuzia mgongo tu, akawa kama hanioni, mpaka nilipochoka nikasema kweli. Akageuka palepale akitabasamu. Vizuri. Karanga. Nadhani ni uchovu wa harusi unamtoka.

Nimempa Mwalimu ushauri kupitia uzio, kwa kuwa yeye hajaoa. Nimemwambia siri ya ndoa ni mume kuwa na msimamo, mke mwenyewe atalegea. Alikohoa sana, akaingia ndani, nikamsikia anaendelea kukohoa huko huko.

Watu watatu wameshaniuliza nani alimfundisha mbwa wangu. Sikuwa na sababu ya kuwachosha kwa maelezo marefu. Nawaza kuandika kibao nje: Fundi Nguo na Mafunzo ya Mbwa. Wale wanaofundishika watafundishika. Wasiofundishika, chaki bado ninayo.

Lakini Mstaarabu mwenyewe ananitia simanzi. Zamani alikuwa mbwa mwenye mambo yake. Siku hizi akisikia hatua za mke wangu tu, anakwenda kuketi mlangoni. Kiumbe mzima, kuuza uhuru wake kwa punje ya karanga!

Leo jioni zimesikika hatua zake langoni. Nikaosha kikombe haraka, nikakiweka mahali pake, nikaketi mlangoni upande wa kushoto. Mstaarabu alikuwa ameshaketi upande wa kulia, mgongo umenyooka, mate yanamtoka. Mke wangu akafungua mlango, akatutazama, akatia mkono mfukoni.

Masikini mbwa yule, wamemharibu kabisa. Alipewa yeye kwanza, nami nikangoja zamu yangu.